Mbu na Kereng'ende: Ni Yupi Mwovu?

Mtu akiulizwa ni yupi mwovu kati ya mbu na kereng'ende, hatasita kujibu. Mbu humnyima usingizi, tena humletea malaria. Kereng'ende ni pambo la madimbwi, na watoto humkimbiza kwa furaha. Lakini jawabu lililotolewa upesi hivyo lafaa kupimwa.

Wote wawili huanza maisha yao majini. Tazama dimbwi lolote la Msasani, wilayani Rungwe, ambako mvua ni nyingi, au kingo za Ziwa Masoko, lile shimo la volkano lililojaa maji karibu na Tukuyu. Mbu mchanga kwa kawaida hula vijimea na uchafu mdogomdogo, wala hamdhuru mtu. Kereng'ende mchanga ni muuaji. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Mawindo yakikaribia, huunyosha ghafula na kuyanasa: viluwiluwi vya mbu na vya chura, hata samaki wadogo. Akishaota mabawa, huendelea kuwinda hewani. Basi, ikiwa uovu ni kuua, mshtakiwa wetu amebadilika.

Tena mbu dume hanyonyi damu kabisa. Hunywa maji matamu ya maua. Jike ndiye anyonyaye, nayo damu ile ni ya kukomazia mayai yake. Na malaria je? Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mbu hazaliwi navyo: huvipata katika damu ya binadamu mgonjwa. Sumu tunayomlaumia ameitwaa kwetu, na jambo hili watu hulisahau upesi!

Kwa hiyo twamwita kereng'ende mwema kwa kuwa huwaua maadui zetu, wala si kwa kuwa ana huruma. Huo ni upimaji wa faida. Wema na uovu wahitaji mwenye kuchagua, na hakuna kati ya wadudu hawa awezaye kuyakataa maumbile aliyopewa na Muumba.

Hapa mtu aweza kupinga: mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria atafaidika nini na maneno haya? Pingamizi hili ni zito, wala halifai kukwepwa. Ila kumwondolea mbu hatia si kumwachia njia. Twaweza kumuua bila kumchukia. Hatia, kama ipo, humwendea awezaye kuchagua: aliyechimba udongo wa matofali karibu na nyumba za watu akaliacha shimo lijae maji, au aliyepewa chandarua akakifunikia miche bustanini. Huyo twaweza kumwuliza, "Kwa nini?", na swali likawa na maana. Ukimwuliza mbu, atakulilia sikioni tu.