Kinu Kisichosaga: Burudani, Nia na Mashine ya Kukimbilia

Mashine ya kukimbilia, ambayo wengi huiita tredimili, imekuwa sehemu ya maisha ya Waswahili wengi walioko ughaibuni. Minneapolis, mwezi wa Januari, barafu hufunika njia na baridi huweza kukaa chini ya sifuri siku nyingi mfululizo. Maskati, mwezi wa Juni, joto hupita nyuzi 40 na jua halina huruma. London, mwezi wa Disemba, giza huingia saa kumi jioni. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba sukari imepanda au presha haishuki hana pa kwenda ila ndani. Hupanda juu ya mkanda, hubonyeza kitufe, akaanza safari isiyo na mwisho wala mwanzo. Dakika ya tano haijatimia, tatizo lake huwa limeshahama kutoka miguuni na kuingia akilini: asikilize nini, aangalie nini, ili dakika 30 zipite?

Swali hilo laonekana dogo, lakini ndani yake limo swali la kale la maadili. Mtu anayetimiza wajibu wake kwa kuwa amewekewa burudani kando yake, ametimiza wajibu au amejihonga? Na ile burudani yenyewe, iwe ni wimbo, hadithi au mawaidha, inapogeuzwa chambo cha kuuvuta mwili, inabaki na heshima yake?

Historia ya chombo chenyewe ina la kusema. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt, mwana wa msagaji nafaka, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato ili kuwashughulisha wafungwa waliokuwa wakikaa bure. Mwaka 1821 gurudumu la namna hiyo lilifungwa katika gereza la Brixton, London, na kutoka hapo likaenea kwenye magereza mengi ya Uingereza. Mfungwa alishika fito mbele yake na kupanda kidato baada ya kidato, saa baada ya saa, bila kupaa hata shibiri moja. Katika magereza mengi kila mmoja alitengewa kijumba chake cha mbao, asimwone wala kuzungumza na mwenziwe. Baadhi ya vinu hivyo vilisaga nafaka au kuvuta maji. Vingine havikuunganishwa na chochote, na wafungwa wakasema kwamba wanasaga upepo. Adhabu hiyo ilivuka bahari. Jamaica, baada ya sheria ya 1833 kuufuta utumwa kwa jina na kuweka mahali pake kipindi cha uanagenzi, watu wenye asili ya Afrika waliendelea kupelekwa kwenye kinu hicho. Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwaka 1895, naye alikionja. Sheria ya magereza ya 1898 ndiyo iliyofungua njia ya kukiondoa Uingereza.

James Hardie, aliyeandika kitabu juu ya kinu cha gereza la New York mwaka 1824, alieleza kwamba kilichowatisha wafungwa zaidi hakikuwa uzito wa kazi bali mfululizo wake usiobadilika. Maneno hayo yana uzito kwa mada hii. Waliokusudia kuadhibu walijua kwamba mwili huweza kustahimili mengi, na kwamba kinachovunjika mapema ni akili iliyonyimwa sura ya mtu, sauti na matunda ya jasho lake. Kwa Mswahili jambo hili lina uchungu wa ziada, kwa kuwa katika lugha yake kinu ni chombo cha riziki. Kinu hutoa pumba na mchele, na kinu kisichotoa kitu si kinu.

Wazo lilelile la kutembea bila kwenda lilirudi karne ya ishirini kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1950 daktari Robert Bruce na mhandisi Wayne Quinton, katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitengeneza mashine yenye injini ya kupimia moyo wa mgonjwa akiwa anatembea. Baada ya Kenneth Cooper kuchapisha kitabu chake Aerobics mwaka 1968, mhandisi William Staub alikisoma na kuunda mashine ya kutumiwa nyumbani. Tangu hapo kilichokuwa adhabu kikawa bidhaa, na watu wakaanza kulipa ili wafanye kile ambacho wengine walilazimishwa kwa amri ya hakimu.

Tofauti kati ya mfungwa wa Brixton na mtu wa leo ni hiari. Hiari hiyo ni kubwa, na haifai kuipuuza. Lakini hiari haibadilishi ule mfululizo. Mkanda wa leo ni laini kuliko vidato vya Cubitt, ila nao hauna njia panda, hauna mnazi wa kupita, hauna jirani wa kusalimiwa. Kwa hiyo yule anayeweka visikilizi masikioni hafanyi uvivu wa nia. Anachofanya ni kuirudisha sauti ambayo gereza liliiondoa kwa makusudi. Hoja ya kwanza basi ni kwamba kutafuta burudani juu ya mashine hakuhitaji kuombewa radhi. Kinachohitaji kuchunguzwa ni aina ya burudani, na uhusiano wake na kazi.

Hapa Aristotle ana msaada. Katika kitabu cha kumi cha maadili yake yaitwayo ya Nikomako, anatofautisha raha iliyo ya kazi yenyewe na raha iliyotoka nje ya kazi. Raha ya kazi yenyewe huiongezea kazi nguvu: apendaye hesabu huzifanya vizuri zaidi kwa sababu anazipenda. Raha ya kigeni huidhoofisha. Anatoa mfano wa mpenzi wa zumari ambaye hawezi kufuatilia mjadala pindi aisikiapo zumari inapigwa. Na anaongeza uchunguzi wa kuchekesha: watu wanaokula vitu vitamu katika ukumbi wa maigizo hula zaidi pale waigizaji wanapokuwa hafifu. Wahenga wa pwani walikwisha kulisema kwa ufupi wao: mshika mbili moja humponyoka.

Kwa mizani hii, anayetazama tamthilia huku akikimbia ana kesi ya kujibu. Ama mbio zake ni hafifu, ndiyo maana anatafuna utamu wa pembeni. Ama tamthilia ni hafifu, ndiyo maana inaweza kutazamwa na mtu anayetweta. Hata hivyo mizani ya Aristotle ilitengenezwa kwa kazi zinazoitaka akili yote. Mbio za ndani haziitaki. Miguu ikishazoea mwendo, akili hubaki bila kazi, na akili isiyo na kazi huanza kuhesabu sekunde. Kazi ya namna hii Waswahili waliijua kabla ya mashine, nao walikuwa na jibu lao.

Jibu lilikuwa wimbo. Fasihi simulizi ya Kiswahili imezihifadhi nyimbo za kazi kwa majina yake: hodiya ni jina la jumla la nyimbo za wafanyao kazi, kimai ni za wanamaji na wavuvi, wawe ni za wakulima. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja huhitaji wimbo kama wanavyohitaji michi, kwa kuwa wimbo ndio unaoamua mchi upi upande na upi ushuke. Katika Ghuba, mashua za wazamia lulu zilikuwa na nahham, mwimbaji ambaye kazi yake mahususi ilikuwa kuimba, na sanaa ya fijiri iliyotokana na maisha hayo iliingizwa na Bahrain katika orodha ya UNESCO mwaka 2021. Katika mifano yote hii wimbo haukuwa kitu cha kumsahaulisha mfanyakazi kazi yake. Ulikuwa mpini wa kazi. Uliunganisha mikono mingi, ukagawa pumzi, na mara nyingi ukamruhusu mwimbaji kusema juu ya tajiri wake yale asiyoweza kuyasema kwa maneno makavu. Ulikuwa raha ya kazi yenyewe, ingawa ulitoka kinywani na si mkononi.

Hivyo burudani za mashine zinagawanyika mafungu mawili. La kwanza ni lile linaloingia ndani ya hatua: ngoma, chakacha, muziki wowote ambao mapigo yake huongoza mguu. Costas Karageorghis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi, na moja ya matokeo yanayorudi ni kwamba muziki hupunguza hisia ya uchovu katika mwendo wa wastani, lakini mtu akikimbia kwa nguvu zake zote mwili huichukua akili yote na muziki hauna tena pa kukaa. Fungu la pili ni lile linalosimama nje ya hatua: hadithi, mahojiano, mpira, podikasti za nyumbani. Hili haliongozi mguu, ila humvuta mtu hadi kwenye mashine.

Nguvu ya mvuto huo imepimwa. Mwaka 2014 Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti ambamo baadhi ya watu walipewa riwaya za kusikiliza zilizofungiwa katika ukumbi wa mazoezi, wasiweze kuzisikia mahali pengine. Mwanzoni watu hao walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wale ambao hawakupewa mpango huo. Mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini mvuto ulipungua wiki zilivyopita, hasa baada ya mapumziko ya sikukuu ya Shukrani, ratiba ilipokatika. Hata hivyo, mwishoni zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa tayari kulipa ili wafungiwe riwaya zao tena. Walijijua kuwa nia yao ni dhaifu, wakaomba uzio.

Je, nia inayohitaji uzio ni nia? Mkali wa maadili atasema mtu huyo hakukimbia kwa ajili ya afya yake. Alifuata riwaya, na afya ikaja kwa bahati. Ukali huo unasahau namna tabia zinavyojengwa. Mtoto hupelekwa chuoni kwa kuahidiwa kashata, na hakuna anayedai kwamba kila herufi aliyojifunza imenajisika. Kinachotazamwa ni kama kashata ilikuja ikaachwa. Kawaida ni kama sheria: kilichoanza kwa hongo huweza kuishia kwa mazoea, na mazoea yakaishia kwa mapenzi. Kosa huanza pale mtu asipoweza tena kutembea hata hatua moja bila chambo, kiasi kwamba simu ikizima chaji na mazoezi huzimika. Hapo si yeye aliyeifungia riwaya uzio. Yeye ndiye aliyefungiwa.

Kwa msikilizaji Mwislamu swali hili lina ukali wake. Wapo wanaosikiliza Kurani wakiwa juu ya mkanda. Sura ya Al-Aaraf inaamrisha kusikiliza na kunyamaza isomwapo, na wanazuoni wametofautiana iwapo amri hiyo ni ya ndani ya sala peke yake au pia nje yake. Upande mwingine, Kurani yenyewe inawasifu wanaomkumbuka Mola wao wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala. Mwendo basi si kosa. Kinachopimwa ni usikivu. Kisomo kinachoandamana na hatua, kikatuliza pumzi na moyo, kiko karibu na tasbihi inayopita vidoleni. Kisomo kinachowekwa ili kufunika mvumo wa mashine, huku macho yakifuata magoli kwenye skrini, kimegeuzwa kelele ya kufukuzia kelele.

Fasihi nayo ina lawama ya aina hiyo, ingawa ni nyepesi zaidi. Mpenzi wa vitabu huweza kuudhika riwaya inapotumiwa kama kashata ya miguu. Lakini fasihi ya Kiswahili haikuzaliwa katika ukimya wa maktaba. Tenzi zilighaniwa mbele ya watu, hadithi zilisimuliwa huku mikono ikisuka ukili au kuchambua mchele, na msikilizaji hakuambiwa aache kazi kwanza. Kinachoudhi ni jambo jingine: kusikiliza kwa kasi maradufu ili kitabu kiishe pamoja na mazoezi, kana kwamba vyote viwili ni deni la kulipwa. Anayefanya hivyo amekipeleka kitabu nacho juu ya mkanda, kikasage upepo.

Kwa aliye mbali na kwao kuna jambo la mwisho, na huenda ndilo kubwa. Anayetembea ndani ya chumba cha Columbus au Leicester huku akisikiliza taarifa za redio ya Mombasa au soga za vijana wa Dar es Salaam hasikilizi ili kusahau mahali alipo tu. Miguu yake haiendi popote, lakini sikio limefika. Ni rahisi kuona hapo picha ya kusikitisha ya ugenini, mwendo mwingi na masafa sifuri. Picha hiyo haijakamilika. Mfungwa wa Brixton alitengwa kwa mbao asimsikie mwenziwe; huyu amebomoa mbao hizo kwa sikio lake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika hizo hazina budi kupita kwa namna fulani. Kazi mbaya si mchezo mwema, na kutembea juu ya mkanda huku mtu akicheka peke yake kwa kichekesho cha nyumbani ni bora kuliko kukaa kitako akisubiri nia safi ishuke. Lakini inafaa mara mojamoja, dakika za mwisho, sauti izimwe. Si kwa ajili ya kujitesa. Ni ili ijulikane kama mwenye miguu bado yumo, anasikia pumzi yake mwenyewe, na angeweza kuendelea.