Adabu za Mwalimu Mgeni wa Misheni: Nasaha kwa Wanaojitolea Tunduma na Mkoani Songwe

Mwalimu wa misheni wa muda mfupi ni mtu anayetumwa na kanisa au chama cha kimisionari kwenda kufundisha katika nchi isiyo yake kwa majuma au miezi michache, bila mshahara, akigharimiwa na washarika wenzake au na mfuko wake mwenyewe. Huyu hutofautiana na mmisionari wa zamani, ambaye alihamia, akajifunza lugha ya wenyeji, na pengine akazikwa huko huko. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya suala la adabu liwe zito zaidi kwake, kwa kuwa aliyekaa miaka ishirini hupata nafasi ya kukosea, kuonywa na kusamehewa, ilhali aliyekaa majuma sita huondoka na kuwaachia wenyeji kazi ya kurekebisha alichokiharibu.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwa na makao makuu Vwawa, una historia inayoweza kumfundisha mgeni wa namna hii. Wamoravian kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Mbozi miongoni mwa Wanyiha mwaka 1899, na aliyehusika zaidi na kazi hiyo alikuwa Traugott Bachmann, ambaye aliijua lugha ya Kinyiha kiasi cha kutafsiri Agano Jipya, na ambaye, kadiri alivyozidi kuishi na watu, aliacha mengi ya maoni aliyokuja nayo juu ya mila zao, hata akakataa kuwalazimisha wanaume wenye wake wengi wawafukuze wake zao ndipo wabatizwe. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika eneo hilo mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa sharika zikasimama kwa nguvu ya walimu na wazee wa Kiafrika, kwa usaidizi wa Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Anayesoma habari hizi kwa makini ataona kwamba kanisa la Mbozi halikuangushwa na kuondoka kwa wageni, bali lilionyesha kuwa waliolibeba siku zote walikuwa wenyeji. Mgeni wa leo aanzie hapo: anakwenda kusaidia kazi yenye wenyewe, wala haanzishi jambo jipya.

Kutokana na hilo, adabu ya kwanza ni kuingia kwa mlango. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata isiyo na ujira, na kwa sababu hiyo kanisa linalomwalika linapaswa kumwombea mapema kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ndicho kinachowahusu wamisionari na watu wanaojitolea, pamoja na kibali cha kazi kinachotakiwa na sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia. Mkenya, Mzambia au Mmalawi asijidanganye kwamba ujirani humwondolea wajibu huo. Tunduma kwenyewe kuna mtihani wa pekee, kwani mji huo umeshikana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba Kinyamwanga husikika pande zote mbili, na wenyeji huvuka kwenda sokoni kama wanaovuka mtaa. Mgeni akiwaiga, akapita kwa miguu pasipo kugonga muhuri katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019, atajikuta ana kesi, na wa kwanza kuitwa kujieleza atakuwa mchungaji aliyempokea. Vivyo hivyo abadilishe fedha benki au katika duka lenye leseni, awaache vijana wenye mabunda ya kwacha na shilingi barabarani.

Akishapata vibali, mgeni hapelekwi moja kwa moja darasani, bali hutambulishwa kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha kwa Afisa Elimu wa Kata, na hatimaye kwa mwalimu mkuu, kama ni shule ya msingi, au mkuu wa shule, kama ni sekondari. Wageni wengi huuona mzunguko huu kuwa upotevu wa asubuhi nzima, na hapo ndipo wanapokosea, kwa maana salamu hizo ndizo zinazompa mtu dhamana ya kuishi mahali, na asiyejulikana na ofisi ya mtaa hana wa kumsemea siku ya taabu.

Ndani ya shule, utaratibu uliopo utangulie mapenzi yake. Mwalimu wa taaluma, yaani yule anayesimamia ratiba na maendeleo ya masomo, ndiye atakayempa vipindi; atatakiwa kufuata azimio la kazi, ambalo ni mpango wa mada za muhula, na kuandika andalio la somo kwa kila kipindi, kama wenzake. Kuzungumza Kiingereza tangu utotoni si ualimu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Momba au Ileje amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla anakutana na fizikia na historia kwa Kiingereza. Mgeni anayesema haraka, asiyeandika ubaoni, na anayecheka makosa ya matamshi, humfunga mdomo mtoto huyo kwa mwaka mzima.

Salamu zina uzito wake. Wanafunzi watamwamkia mgeni shikamoo hata akiwa kijana wa miaka ishirini, kwa kuwa ni mwalimu, naye ataitikia marahaba; lakini heshima hiyo haimwondolei wajibu wa kumwamkia yeye mwenyewe mlinzi wa shule, mpishi, au mama anayeuza maandazi getini, ikiwa wamemzidi umri. Wenyeji hupima malezi ya mtu hapo kuliko katika mahubiri yake.

Jambo gumu ni viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, bila kuzidi viboko vinne, na tukio liandikwe. Mgeni asishike fimbo kabisa, wala asimkemee mwalimu mwenzake mbele ya wanafunzi. Amwone mkuu wa shule faraghani. Hata hivyo, mtoto akiumizwa au akidhalilishwa, kunyamaza kwa kisingizio cha ugeni si adabu tena, na njia iko wazi kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa upande wake, mgeni asikae na mtoto peke yake chumbani, wala asimwalike mwanafunzi mmoja nyumbani kwake, kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu kuhubiri, serikali ya Tanzania haina dini, na shule zake hutenga kipindi cha dini ambamo kila madhehebu hufundisha watoto wake. Mahali pa Injili ni hapo, na kanisani, na katika Shule ya Jumapili. Anayechomeka mahubiri katika somo la hisabati huwaibia watoto wa Kiislamu kipindi chao na kulivunjia kanisa heshima. Tunduma inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mwaka 2013 mji huo ulikumbwa na vurugu zilizotokana na mzozo wa Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa. Neno la kejeli la mgeni anayejua ataondoka mwezi ujao linaweza kuamsha yaliyolala.

Picha za watoto zimekuwa mali ya kuombea michango ng'ambo, hasa za wasio na viatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu huyo mdogo pia, na ridhaa hutolewa na mzazi, si na mtoto anayefurahia kamera. Kipimo chepesi ni kujiuliza kama mgeni angekubali mwanawe apigwe hivyo na kuonyeshwa kwa watu asiowajua. Zawadi nazo zisipite mkono kwa mkono, kwani daftari kumi alizopewa mmoja huzua kijicho kwa arobaini. Zipite kwenye kamati ya shule au bodi, zikaandikwe.

Usharika unaompokea nao una wajibu wake. Kumchinjia kuku kila jioni katika nyumba inayokula kande, na kumsifia kila alifanyalo, ni kumnyima nafasi ya kurekebishwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: apewe zamu ya usafi, aambiwe kosa lake mapema na mzee anayeaminika, na anapokaribia kuondoka akabidhi maandalio, alama na vitabu kwa mwalimu wa taaluma kwa maandishi. Na asiyeweza kukaa muhula mzima asipewe kabisa darasa la mtihani wa taifa. Akae pembeni ya mwalimu mwenyeji, amsaidie kusahihisha na kuongoza mazoezi, na darasa libaki mikononi mwa atakayekuwepo matokeo yatakapotoka.