Usisubiri Yaote

Mtoto wa miaka mitatu amekaa na wenzake kwenye mkeka. Wenzake wanaguguna mahindi ya kuchoma. Yeye ananyofoa punje moja moja kwa vidole, anazipondaponda kwa fizi, kisha anazimeza. Kinywani ana meno mawili tu, yamechongoka kama ncha ya penseli. Nywele zake chache na laini, na hata jua likiwaka vipi hatoki jasho. Majirani wanamwambia mama yake, "Subiri, yataota."

Mama, usisubiri! Mbegu za meno hayo hazikuumbika tangu tumboni. Madaktari huiita hali hii displasia ya ektodemu, nayo hurithiwa. Mwaka 1875 mwanasayansi Charles Darwin aliandika habari za ukoo mmoja wa Sindh, Bara Hindi: wanaume kumi, katika vizazi vinne, wenye meno machache na madogo, waliotaabika sana wakati wa joto. Mabinti wa ukoo ule walikuwa wazima, lakini ndio waliowarithisha wana wao. Basi asikuambie mtu kwamba umelogwa. Tulikwisha kuwatesa vya kutosha watoto tuliowaita vigego, eti meno yao ya juu yalitangulia kuota.

Daktari wa meno anaweza kumtengenezea mtoto huyo meno bandia ya kuvaa na kuvua akiwa na miaka mitatu tu. Humng'atisha ujiuji unaoganda, akapata umbo la fizi. Siku za mwanzo mtoto atayatema, atalia, atayaficha chini ya mto. Mrudishie kinywani kwa upole, kila siku, kama ulivyomfundisha kuvaa viatu. Taya likikua, yatabana na kuhitaji kutengenezwa upya. Hilo ni jambo la kawaida, usikate tamaa.

Na wewe kijana wa miaka kumi na minne unayecheka huku umeziba mdomo kwa kiganja, sikia. Kipandikizi cha titani, yaani mzizi bandia wa jino, hushikana na mfupa wa taya. Kikiwekwa mapema mno hubaki palepale kama msumari uliopigiliwa kwenye mti mchanga, nao mti ukinenepa unaumeza. Ndiyo maana kwa kawaida madaktari hungoja taya limalize kukua. Kungoja huko hakukulazimishi kukaa kibogoyo. Vaa meno bandia sasa, ule, useme, ucheke! Gösta Larsson wa Sweden alizaliwa na taya lenye kasoro. Mwaka 1965 daktari Per-Ingvar Brånemark alimwekea vipandikizi, na alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Mzazi, wiki hii mpeleke. Chukua kitambaa chenye maji cha kumpoza njiani. Mweleze daktari kila kitu: nywele, jasho, idadi ya meno. Na kama kuna mjomba aliyekuwa hivyo hivyo, ambaye nyumbani hatajwi, mtaje.