Shida ya Mpangaji si Mali ya Mwenye Nyumba

Siku hizi mtu akistaafu, au akiwa na akiba kidogo mkononi, shauri la kwanza apewalo na jamaa zake ni hili: jenga nyumba ya kupangisha. Shauri si baya. Ng'ombe hufa, duka huvunjwa usiku, bali nyumba hukaa mahali pake na watoto huirithi. Lakini hao wamshaurio humweleza habari za kiwanja, saruji na bati tu. Hawamwambii ya kwamba siku atakapompa mtu wa kwanza ufunguo, atakuwa ameshika madaraka juu ya usingizi wa watu wengine. Jambo hilo ndilo tutakalolitazama leo.

Swali la kwanza ni kama ni halali kupata fedha kwa nyumba ambayo mwenyewe hulali ndani yake. Katika nchi yetu swali hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ikayatwaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Katazo lile la viongozi likaondolewa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Wazee wakumbuka jinsi jina la mwenye nyumba za kupangisha lilivyokuwa karibu sawa na jina la mnyonyaji, na mpaka leo wako watu wema wanaoona haya kidogo wapokeapo kodi.

Hawana sababu ya kuona haya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijibu swali hilo kwa njia nyepesi sana. Mkate ukiutumia, umekwisha, divai kadhalika. Ndiyo sababu huwezi kumwuzia mtu mkate, kisha ukamtoza tena bei ya kuutumia. Nyumba si hivyo. Kazi ya nyumba ni kukaliwa, na mtu aweza kuikaa mwaka mzima nayo ikabaki nyumba, tena ikabaki ya mwenyewe. Basi, matumizi ya nyumba ni kitu kimoja na nyumba yenyewe ni kitu kingine, na mtu aweza kupokea bei ya hicho cha kwanza pasipo kuuza hicho cha pili.

Kodi ni halali, tumekubaliana. Lakini ni kiasi gani? Hapa mwalimu yuleyule ana neno zito zaidi, alilolisema juu ya kuuza na kununua. Muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Bali ikiwa mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa, na muuzaji hapotezi kitu, si haki kuipandisha bei kwa ajili ya haja ile. Kwa maana haja ni ya mnunuzi, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake. Sisi twaona ya kuwa neno hili lamhusu mwenye nyumba kuliko hata mchuuzi wa sokoni. Asiyenunua nyanya leo atakula mboga nyingine. Mama aliyetolewa chumbani na watoto watatu hana chumba kingine cha kula.

Tufanye hesabu, maana dhamiri nayo yahitaji hesabu. Tuseme mstaafu ametumia shilingi milioni 40 kujenga nyumba ya mtindo wetu wa zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, choo na bafu uani. Kila chumba akipangisha kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, vyumba sita vyaleta 3,600,000 kwa mwaka. Watu wengi huishia hapo katika hesabu zao. Lakini chumba kimoja kitakaa wazi miezi miwili, choo kitajaa, bati litavuja, mpangaji mmoja atafiwa na kushindwa kulipa. Akibakiwa na milioni 3 ashukuru. Ndiyo kusema fedha yake itarudi baada ya miaka 13 na zaidi. Sasa fikirini yule aliyekopa benki kwa ahadi ya kulipa katika miaka mitano, akitegemea kodi hiyohiyo! Huyo amekwisha kujifunga kabla ya kuweka bati la kwanza. Riba itakapomkaba, ataitafuta fedha mahali pekee aijuapo, yaani mifukoni mwa wapangaji. Twawajua wenye nyumba wakali ambao si wabaya kwa tabia. Walikosea hesabu tu, na wengine ndio wanaolipa kosa lile.

Linalotusumbua kupita yote ni desturi iliyoenea mijini, hasa Dar es Salaam, ya kudai kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza kitanda. Juu yake dalali adai kodi ya mwezi mmoja kwa ajili yake. Katika mfano wetu, kijana mwenye mshahara mdogo apaswa kutoa 350,000 kwa siku moja ili apate chumba cha 50,000. Atazipata wapi? Atakopa kwa jirani, kwa mwajiri, au kwa wakopeshaji wa mitaani wenye riba ya kutisha. Tazameni basi jambo hili lilivyo: mwenye nyumba amekopeshwa na asiye na nyumba, tena bila riba, wakati huyo mkopeshaji mwenyewe ameikopa fedha ile kwa riba.

Tusiwaonee wenye nyumba. Wana hofu ya kweli. Yuko mpangaji ambaye hulipa mwezi wa kwanza, kisha hujificha kila mwisho wa mwezi, na kumtoa kwa njia ya sheria ni safari ndefu. Dhamana ya mwezi mmoja au miwili yaweza kuwa ni busara halali. Lakini miezi sita si dhamana tena. Mara nyingi ni fedha ya kumalizia chumba cha saba, na mwenyewe ajua hivyo. Ikiwa ni hivyo, na aseme wazi kwamba anakopa, naye ampunguzie kodi mkopeshaji wake. Tena ajue kwamba kodi ya mwezi usiofika bado si yake. Nyumba ikiungua mwezi wa tatu, miezi mitatu iliyobaki ni deni, hata kama imekwisha kugeuka matofali.

Watu husema, "Lakini alikubali mwenyewe." Ni kweli kwamba sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei yategemea mapatano. Lakini Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha juu ya mishahara kwamba mapatano peke yake hayatoshi, kwani iko haki iliyo juu ya mapatano. Mtu akikubali kwa kuogopa baya zaidi, amelazimishwa. Hatuoni kwa nini fundisho hilo liishie mlangoni mwa kiwanda lisiingie mlangoni mwa chumba.

Yako pia mambo madogo, na pengine hayo ndiyo yampimayo mtu vizuri. Lugha yetu yaita "kodi" fedha ya mpangaji na fedha ya Serikali pia, na hapo ndipo mkono wa mmoja huingia mfukoni mwa mwingine. Kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo. Tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kufika 1,500. Anunuaye umeme ni nani? Ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, na wengi hawana habari. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 18,000, na mwenye nyumba aliye mwaminifu aweza kuzipunguza katika kodi ya mwezi wa Desemba bila kungoja kuombwa. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, kila chumba kitapata shilingi 3,000.