Wepesi ni wa Nani?

Ewe msomaji, mfikiri mwendesha baiskeli atokaye Kericho alfajiri, apite Litein na Kapkatet hadi Bomet, akikusudia kufika Narok kabla ya usiku. Njia yapanda na kushuka kati ya mashamba ya chai, katika nchi iliyoinuka hata kupita meta 2,000 juu ya bahari, na kila mwinuko humdai gia nyingine. Zamani kidole chake kilivuta waya, waya ukausogeza mnyororo. Siku hizi, katika baiskeli za thamani kubwa, hugusa kitufe tu. Mota ndogo yenye betri humaliza kazi. Mkono uliokufa ganzi kwa mvua ya alasiri huuona wepesi huo kuwa rehema.

Je, amejipunja? Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, angesema ndiyo. Yeye alishikilia kwamba gia za kubadilisha zawafaa wazee, na washindani wakuu hawakuruhusiwa kutumia chombo cha kuhamisha mnyororo hadi 1937. Mimi siafikiani naye. Mlima haukupungua hata shubiri moja. Miguu ni ile ile, na achaguaye gia ni mpandaji mwenyewe. Kilichoondoka ni maumivu ya kidole, nami sijapata kuona fadhila yoyote katika kidole kiumacho.

Lakini tazama kando ya barabara hiyo hiyo. Mwezi Mei 2023, watu wenye ghadhabu walizichoma moto mashine za kuchuma chai huko Kericho. Wengine watasema hao ni akina Desgrange, waogopao kila chombo kipya. Sivyo. Kuchoma mali ya mtu sikusifu. Ila mchumaji ashindaye mchana kutwa akichuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, angefurahi sana kupumzika. Mashine haikuja kumpumzisha. Ilikuja kumwondoa shambani, yeye na ujira wake. Wenye mashamba hutaja gharama, na huenda wasema kweli.

Mwenye baiskeli aliununua wepesi wake kwa fedha zake. Betri ikiisha katikati ya mlima, gia hukwama pale ilipokuwa, na fundi wa kando ya njia, mwenye koleo na waya, hana la kumsaidia. Hasara hiyo ni yake, aliikubali alipolipa. Mchumaji aliulizwa lini?