Picha Imekwisha: Nani Atajibu?

Tufikirie jioni moja huko Bihambwe, katika vilima vya Masisi. Shuka jeupe limetundikwa ukutani. Mashine ya umeme inanguruma. Watoto wamekaa mbele, akina mama wamebeba wachanga mgongoni, na wazee wameegemea fimbo zao nyuma. Picha inaonyesha majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Watu wanacheka, kisha wananyamaza, kisha picha inakwisha. Mwenye mashine anafunga vyombo vyake, na gari linaondoka.

Je, watu hawa wamefundishwa? Wengi watasema ndiyo, maana wameona na wamesikia. Sisi twaona kwamba hapo kazi ndiyo kwanza inaanza.

Jambo la kufundisha kwa sinema si geni katika nchi zetu. Toka mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza walifanya jaribio kubwa la sinema ya mafundisho. Waafrika wenyewe walicheza mbele ya mashine. Walionyesha jinsi ya kuweka akiba posta na jinsi ya kujikinga na safura. Halafu gari lilichukua picha hizo kijiji kwa kijiji, hata Kenya na Uganda.

Kanisa nalo halikulala. Papa Pio XI aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pio XII akaandika tena mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Kongo, katika miaka ya 1950, Padri Alexandre Van den Heuvel wa Shirika la Scheut alitengeneza sinema mjini Léopoldville, ambao leo waitwa Kinshasa. Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai michezo ya kuchekesha ya Matamata na Pilipili. Na huku kwetu Kivu, Mapadri Weupe walikuwa na sinema zao Bukavu.

Tunawashukuru watu hao kwa juhudi yao. Lakini tuseme kweli: karibu kila mara Mzungu ndiye aliyechagua funzo, na Mwafrika alicheza au alitazama tu. Mara nyingi aliyekosea katika picha alikuwa Mwafrika, na aliyejua alikuwa mwingine. Watazamaji walifurahi, walipiga makofi, wakaenda zao. Ni wachache walioulizwa: "Ninyi mwaonaje?"

Pengine mtu atasema: "Kuna ubaya gani? Funzo likiwa jema, mtu apokee tu." Hapa ndipo hatari ilipo. Mtu aliyezoea kupiga makofi bila kupima atampigia makofi yule anayefundisha kunawa mikono, na kesho atampigia makofi yule anayefundisha kuchukia. Masikio yake ni yale yale, na desturi yake ni ile ile.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, huko Walikale, na moto ule ukapanda hata Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na wengine wengi walikimbia mashamba yao. Lakini kabla ya panga, maneno yalitangulia. Katika mikutano watu waliambiwa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani astahili ardhi na nani aondoke. Julai mwaka ule ule, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kusema. Ilicheza nyimbo za kupendeza na mizaha, na ndani yake ikatia sumu. Mwaka 1994 iliwahimiza watu kuua jirani zao. Hotuba ile nayo ilikuwa chombo cha kubadili watu, nayo iliwabadili kweli.

Basi, tofauti ya mafundisho na uchochezi ni nini? Si chombo, wala si wingi wa watu. Mwalimu wa kweli husimulia, kisha humwacha msikilizaji aseme. Mchochezi huogopa swali.

Tumtazame Bwana wetu. Mwanasheria mmoja alimwuliza jirani yake ni nani. Yesu hakumpa hotuba ndefu. Alimsimulia habari ya mtu aliyepigwa njiani, na ya Msamaria aliyemhudumia, mtu wa kabila lililodharauliwa. Habari ile twaiona kama picha. Halafu Bwana alimgeuzia swali, na yule mwanasheria alilazimika kujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Pengine jibu lilimchoma, lakini lilikuwa lake.

Je, hii maana yake ukweli upigiwe kura? Hasha. Amri za Mungu hazingoji kura zetu. Lakini amri inayotiiwa bila kueleweka ni kama mbegu juu ya mwamba.

Twajua pia kwamba kusema si rahisi. Penye bunduki, mtu mwenye akili hunyamaza, na kunyamaza kwake si dhambi. Toka vita viliporudi mwaka 2021, wengi wa vilima hivi wameishi katika hofu na katika kambi. Kwa hiyo tusianze na umati. Tuanze na watu kumi wa shirika, waliozoeana, ambamo mama na kijana waweza kusema bila kuogopa, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili. Tena kiongozi awe wa mwisho kusema, naye akubali kuambiwa kwamba amekosea.

Siku hizi sinema haingoji gari. Imo mfukoni, ndani ya simu. Kijana huletewa picha ya kijiji kinachoungua, pamoja na sauti inayotaja kabila la wachomaji. Huitazama peke yake, usiku, wala hakuna mzee wa kumwuliza: "Hapa ni wapi? Ni lini? Nani aliyekuletea, naye ataka ufanye nini?" Maswali hayo manne yatupasa kuwafundisha watoto wetu kama tunavyowafundisha sala.

Tutengeneze sinema, tutoe hotuba, tukusanye watu. Lakini picha ikiisha, tusikimbilie kufunga vyombo. Tuwashe taa, tukae chini, tumwulize yule aliyekaa nyuma kabisa. Bwana atujalie uvumilivu wa kungoja jibu lake.