Je, Mtu Hujulikana kwa Manukato Yake?

Mpenzi msomaji, lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana mno kwa sauti na kuachana mno kwa maana: kunuka na kunukia. Kinachonuka hukimbiwa, na kinachonukia hukaribiwa. Hiyo ni kazi ya pua, wala hapana ubaya ndani yake. Lakini wanadamu tumezoea kuivusha hukumu ya pua mpaka kwenye nafsi. Anayenukia twamdhania kuwa mwungwana na mcha Mungu. Anayenuka twamdhania kuwa mtu duni. Swali tunalokuwekea leo ni hili: Je, pua imepewa haki ya kutoa hukumu hiyo?

Ili tusiseme mambo ya hewani, nitakueleza habari iliyonipata mwenyewe.

Huko Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, maisha ya watu yameshikamana na mkorosho. Mti huu unaye adui aitwaye ubwiri unga, nao ni ukungu mweupe unaotanda juu ya maua na majani machanga na kuyakausha. Ugonjwa huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoiangusha korosho ya Tanzania kutoka tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Dawa yake iliyozoeleka ni salfa ya unga. Mkulima huamka kabla ya mapambazuko, wakati upepo umetulia na umande ungali juu ya majani, akaitwika mashine mgongoni na kuupuliza unga ule juu ya miti. Jua likichomoza, yeye mwenyewe amekuwa wa manjano. Salfa imemwingia nyweleni, shingoni, na katika nyuzi za nguo. Harufu yake ni ya kiberiti. Wala si ajabu, kwani neno kiberiti katika asili yake ya Kiarabu ni jina la madini hayo hayo. Kuoga mara moja hakuiondoi. Basi katika miezi ya kupuliza, hayo ndiyo manukato ya mkulima.

Ijumaa moja katika miezi hiyo nilihudhuria Sala katika kijiji kimoja kilicho kati ya Nachingwea na Ruangwa. Kuumeni kwangu alikaa mzee mmoja aliyenukia udi. Hotuba ikiwa imekwisha anza, akaingia kijana wa makamo akitoka moja kwa moja shambani, akaketi kushotoni kwangu. Harufu ya salfa ilinijia kama aliyewasha kiberiti puani mwangu. Tuliposimama kusali, nilisogea. Sikusogea sana, labda shubiri moja. Lakini katika safu ya Sala shubiri moja ni pengo, na mtu aliyeachiwa pengo hulijua. Yeye hakulijaza.

Baada ya Sala, yule mzee wa udi aliinuka, akanipita, akaketi karibu kabisa na mkulima. Akatoa mfukoni kichupa kidogo, akampaka mafuta mazuri juu ya viganja na kumwuliza, "Mwanangu, mikorosho yako imechanua vipi mwaka huu?" Wakazungumza kwa furaha. Mimi nikatoka nje nikijidai kutafuta viatu vyangu.

Wakati wa mauzo ya korosho nilifika tena kijijini pale. Mama mmoja mjane akanisimulia, bila ya kuulizwa, kwamba katika chama cha msingi magunia yake mawili yaliandikwa kwa makosa katika jina la mkulima yule. Karani hakujua, na mama mwenyewe alikuwa hajajua. Mkulima alipoiangalia stakabadhi yake na kuona kilo zisizo zake, alirudi kwa miguu siku ile ile ili zihamishwe. Nilikumbuka shubiri yangu, nikaona haya.

Nikaenda kumwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hata mke wangu husogea." Kisha akaongeza kwa upole, "Lakini tangu siku ile, alfajiri ya Ijumaa sipulizi. Naoga, navaa nguo nyingine. Nanyi mna haki yenu."

Ndugu msomaji, habari hii ingeweza kutupeleka kwenye kosa la pili, ambalo ni dada wa lile la kwanza. Tungeweza kusema: kumbe wanaonuka ndio wema, na wanaojipaka manukato ni wanafiki! Ni kweli kwamba wako watu wa namna hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wa Kusini wanaijua vizuri kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa njia za pembeni, ambamo mwenye fedha humwendea mkulima aliyebanwa na shida, akampimia kwa chombo kisicho cha mizani, na kumlipa chini ya haki yake. Mwenye kufanya hayo aweza kunukia vizuri kuliko sisi sote. Lakini mzee wangu wa udi naye alinukia, na ndiye aliyelijaza pengo nililoliacha. Na salfa haikumfanya yule mkulima kuwa mwaminifu; wako pia wadanganyifu waliojaa salfa. Hivyo pua hutudanganya kuwili: tunapomdharau mtu kwa ajili yake, na tunapomtukuza.

Sasa na tuangalie mafundisho ya dini. Mtume Mtukufu s.a.w. alipenda manukato, na alifundisha kwamba mtu akipewa asiyakatae. Hadhrat Aisha r.a. ameeleza jinsi watu walivyokuwa wakija kwenye Sala ya Ijumaa kutoka majumbani mwao na katika vitongoji vya Madina, wakiwa wamejaa vumbi na jasho la kazi. Mtume s.a.w. alipoisikia harufu yao hakuwafukuza, wala hakuitilia shaka imani yao. Aliwaelekeza kwamba ingekuwa vema kujisafisha kwa ajili ya siku hiyo. Hapo mambo mawili yametengwa waziwazi. Usafi na manukato ni haki ya jirani yako, nawe umwombaye Mungu ubavuni pake usimwudhi. Lakini si ushahidi juu ya moyo wako. Ni zawadi unayompa mwingine, si cheti unachojiandikia mwenyewe.

Zaidi ya hayo, Mtume s.a.w. ametujulisha kwamba harufu ya kinywa cha mwenye kufunga ni nzuri zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski. Fikiri vema! Kinywa hicho kwetu si kizuri. Lakini sisi tunanusa kitu, na Mungu anajua sababu yake.

Hata manukato yenyewe yanatoa fundisho hili. Zabadi hutoka katika tezi za ngawa, mnyama wa usiku wa nyika zetu. Ikiwa mbichi na nzito harufu yake huchukiza, lakini ikichanganywa kidogo hupendeza. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, na huanza kwa uvundo kabla ya bahari kuitengeneza kwa muda mrefu. Mti wa udi ukiwa mzima hauna thamani ya kusifiwa. Unapojeruhiwa na kushambuliwa na ukungu ndipo unapotoa utomvu wa kujikinga, na utomvu huo ndio udi. Tazama basi: ukungu ndio unaompa tajiri udi wake, na ukungu ndio unaompa mkulima wa Ruangwa harufu yake ya kiberiti. Kama jeraha la mti limeweza kuwa manukato, kwa nini jasho la mtu anayetafuta riziki ya halali liwe aibu?

Nakuomba pia uisome Sura ya 83 ya Kurani Tukufu. Inaanza kwa kuwaonya vikali wapunjao, wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Katika Sura hiyo hiyo, aya ya 27 kwa hesabu inayoanza na Bismillahi, wema wanaahidiwa kinywaji ambacho muhuri wake ni miski. Mizani mwanzoni, miski baadaye! Mimi naamini kwamba mpango huo si wa bahati. Anayeitaka miski ile haipati dukani kwa muuza attari. Anaanza kuitafuta penye mizani, pale anapoziona kilo zisizo zake na hapana amwonaye ila Mola wake.

Maneno haya yanakuhusu hasa wewe unayechunguza dini. Pengine umeingia mahali petu ukaona kandambili zilizochakaa na nguo zenye harufu ya shamba, ukajiuliza kama ukweli waweza kukaa hapo. Usiipime dini kwa pua. Tazama watu wake wanavyopima, wanavyolipa madeni, na wanavyoishi na wajane.

Nayanakuhusu pia wewe uliyejiunga karibuni, unayeona haya kuingia Msikitini kwa sababu huna kanzu nzuri wala attari. Oga, vaa nguo safi uliyo nayo, kisha njoo. Na ukipata manukato, jipake, umpake na mwenzio. Lakini usifikiri kwamba kwa kunukia kama Mwislamu umekwisha kuwa Mwislamu.

Nayatuhusu sisi wa zamani kuliko wote. Katika masharti kumi ya baiati, aliyoyatangaza Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., mwaka 1889, sharti la saba linatutaka tuache kabisa kiburi na majivuno na kuishi kwa unyenyekevu na uchangamfu. Niliyasoma masharti hayo mara nyingi. Sikujua kwamba yaweza kuvunjwa kwa shubiri moja ya jamvi.

Basi swali letu limepata jibu. Mtu hajulikani kwa harufu anayoingia nayo, bali kwa ile anayoiacha nyuma yake akiisha kwenda. Mkulima yule aliingia na kiberiti. Alichoacha nyumbani kwa mjane ni kitu ambacho hakuna chupa iwezayo kukihifadhi.

Mwenyezi Mungu atujaalie usafi wa mwili kwa ajili ya jirani zetu, na usafi wa moyo kwa ajili Yake, na atusamehe kila pengo tuliloliacha katika safu. Amin.